Riwaya Iliyogeuzwa Ndani Nje

Fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Pindo hakuamini nguo kwa kuitazama nje. Ukimpelekea gauni aliloshona mwingine, kwanza aliligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mishono. "Nje kila mtu anapiga pasi," alisema.

Kwa hiyo mjukuu wake alipofungasha begi kwa sababu ya riwaya, hakubishana. Alikiomba kitabu.

Riwaya ilikuwa ya kifalsafa. Kijana anamwacha mama yake mgonjwa na kwenda zake, kwa hoja kwamba mtu huru hafungwi na tumbo lililomzaa. Na mjukuu huyu ndiye aliyekuwa akimnyanyua mama yake, binti wa Bibi Pindo, ambaye miguu ilimfia ganzi mwaka wa tatu sasa.

Bibi Pindo alisoma siku nne, chaki mkononi. Darasa lake la saba lilikuwa la zamani, la watu waliofundishwa kusoma kweli.

"Humu mama anasema mara ngapi?"

"Sijahesabu, bibi."

"Mara mbili. Kwingine anakohoa tu. Kijana anahutubia kurasa sitini. Mwamba ngoma huvutia kwake, mjukuu wangu."

"Basi niletee kinachompinga."

Hapo alibanwa. Kitabu cha namna hiyo angekipata kwa mwalimu mstaafu wa jirani, na hawakuwa wakisemeshana tangu mwalimu alalamikie suruali aliyomshonea kuwa fupi.

"Umekuja kunipima upya?" mwalimu aliuliza mlangoni.

"Nimekuja kuazima kitabu. Suruali ilikuwa sawa, wewe ndiye uliyerefuka."

Katika kitabu cha mwalimu, mtoto anayebaki anapata baraka. Ndugu yake anayeondoka anagongwa na lori. Bibi Pindo alifurahi mpaka jioni, kisha kidole kikaanza kumwasha. Humu pia mama haulizwi kitu, kazi yake kubariki. Na lori lile lilitoka wapi? Hakuna aliyesikia hata muungurumo.

Angeweza kunyamaza, maana kitabu kilivuta upande wake. Alikitupa juu ya cherehani.

"Hiki nacho kimeshonwa ovyo. Lori limetumwa na mwandishi."

Mjukuu alicheka. "Sasa nimwamini nani?"

"Yupo mmoja hajaulizwa."

Wakaingia chumba cha ndani. Ukuta ulikuwa wa mbao, mgonjwa alikwishasikia yote.

"Mwaka wa tatu mnanigeuza kama godoro," alisema, "leo ndiyo naulizwa. Mwanangu aende. Ila Jumamosi arudi aniogeshe, siku nyingine tutajua."

Bibi Pindo alimkazia macho. "Unasema kwa moyo, au unatupunguzia lawama?"

"Nigeuze uangalie mishono, mama."

Alimtazama bintiye kitambo kirefu, asipate uzi uliolegea. Kisha akamgeukia mjukuu.

"Jumamosi asubuhi. Si jioni."