Gari Jeupe Lililotoka Ijumaa

Kazini tulimwita Bi Subiri. Mafundi wa gereji ndio waliompachika jina hilo, kwa sababu hakuna gari lililovuka geti letu kabla yeye hajasema, "Subiri kidogo, niangalie." Kampuni yetu ilikuwa wakala wa kiwanda kimoja cha magari cha ng'ambo, na uwakala ule ulikuja na masharti tele: ya kiwanda, ya serikali, ya kumlinda mnunuzi. Yeye ndiye aliyeyasimamia yote, katika chumba kisicho na dirisha nyuma ya mapokezi. Mimi nilikaa mapokezi. Miaka tisa tulitenganishwa na ukuta wa mbao tu, hata nikawa najua akikohoa kama ni mafua au ni hasira.

Gari likitaka kukabidhiwa, alilinganisha namba ya chesisi na makaratasi, akamuuliza mteja maswali mawili matatu kuona kama kweli ameuelewa mkataba, kisha ndipo akagonga muhuri. Wauzaji walimwona kikwazo. Siku moja mmoja wao alikuja akifoka kwamba mteja wake anazeekea kwenye kochi.

"Akizeeka salama, hiyo ni sifa yangu," Bi Subiri akajibu bila kuinua kichwa.

Alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto. Ndugu yake wa tumbo moja alikuwa mdogo wake wa kike, na mdogo wake huyo aliolewa na fundi mkuu wa gereji yetu. Bi Subiri ndiye aliyemwombea shemeji yake kazi pale. Kila Jumapili alishinda kwao, watoto wakimning'inia shingoni, mama mkubwa huku, mama mkubwa kule.

Mwezi wa pili ililetwa barua kutoka kiwandani. Magari ya toleo moja yalikuwa na kasoro: mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu la mbele ulikuwa unasuguana na chuma, na siku ukipasuka, breki zinakufa. Yaliyokwisha kuuzwa yaitwe, kiwanda kiliagiza. Yaliyo yadi yasitoke mpaka mipira mipya ifike, na mipira ingechukua wiki sita. Sisi yadi tulikuwa na magari hayo kumi na moja. Bi Subiri aliyazunguka juani, akabandika karatasi nyekundu kwenye kila kioo cha mbele, HALIUZWI, akazifungia funguo zote kwenye droo yake.

Bosi wetu, meneja mkuu, alimfuata chumbani. Nilisikia kila neno kupitia zile mbao.

"Dada yangu, miezi mitatu ya hesabu ya mauzo inaisha, na kiwanda kimetupangia idadi ya magari. Tusipoifikia, uwakala unakwenda kwa wengine. Watu sabini hapa watakwenda wapi?"

"Kiwanda hichohicho ndicho kilichosema yasitoke."

"Kule wanaandika hivi, huku wanataka vile. Wewe unajua mambo yao."

"Ninachojua ni breki, bosi. Mengine sijui."

Wiki ya pili gego lilianza kumtesa. Alhamisi shavu lilikuwa limevimba kama mtu aliyeficha limau mdomoni, na mafundi wakamtania kwamba ameanza kula rushwa. Ijumaa akaenda kung'olewa, akapewa mapumziko mpaka Jumatatu.

Ijumaa ileile, saa nne asubuhi, bosi aliifungua droo kwa ufunguo wa akiba. Muhuri ulikuwa humohumo. Gari jeupe likaoshwa, na ile karatasi nyekundu akaibandua mwenyewe kwa kitambaa cha maji ya moto. Nilimwona. Nikajifanya napanga kalenda mezani.

Wanunuzi walikuwa mshonaji wa sare za shule na mkewe. Ndilo gari lao la kwanza. Mama yule alikuja amevaa gauni jipya, akauliza kama inabidi avue viatu kabla ya kuingia. Tulicheka sote, naye akacheka kutushinda. Mimi ndiye niliyefunga utepe kwenye boneti. Mimi ndiye niliyewapiga picha.

Jumatatu Bi Subiri alirudi, akafungua droo, akahesabu funguo. Kumi. Akahesabu tena. Akatoka, akaja mezani kwangu.

"Gari jeupe liko wapi?"

Nilimwambia yote. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alikwenda moja kwa moja kwa bosi, simu mkononi, namba ya mshonaji ameshaiandika.

Bosi hakubisha, na hapo ndipo alipomweza. "Nimekosa," alisema. "Lakini ukimpigia sasa utamtia kiwewe, atakwenda polisi, na muhuri uliogongwa ni wako. Mipira miwili inaletwa kwa ndege. Jumatano asubuhi iko hapa. Tutamwita, tutamwambia ni huduma ya mteja mpya, tutambadilishia, yataisha. Siku mbili tu, dada yangu."

Bi Subiri aliitazama ile namba. Aliniambia baadaye kwamba polisi hata hawakumjia akilini. Fizi ilikuwa bado inampwita, na alichoka. Alichoka kuwa yule mtu wa kusema hapana, kila siku, peke yake. Akaitia simu mfukoni.

"Jumatano saa tatu," akasema. "Ikipita hapo nampigia mwenyewe."

Jumanne alasiri, kwenye mteremko unaoshuka sokoni, breki za gari jeupe zilikufa. Mbele kulikuwa na watu wanavuka. Mshonaji akawakwepa, gari likaingia kwenye nguzo ya daraja upande aliokaa mkewe. Yeye alivunjika nyonga na miguu yote miwili. Mkewe hakufika hospitali.

Askari wa barabarani aliona jina letu kwenye fremu ya namba, akapiga simu. Mimi ndiye niliyepokea. Bi Subiri alinisikiliza mpaka mwisho, akarudi chumbani kwake, akazima taa, akakaa humo hadi tulipofunga ofisi.

Jumatano mipira ilifika kweli. Saa mbili na nusu.

Siku hiyohiyo fundi mkuu aliitwa ofisini kwa bosi, na alipotoka alikuwa ametia sahihi kadi ya kazi yenye tarehe ya Alhamisi iliyopita. Iliandikwa kwamba mpira umebadilishwa na gari limejaribiwa barabarani. Jioni akaenda kwa Bi Subiri. Alikaa ukingoni mwa kiti, akiwa bado na ovaroli.

"Shemeji, kesho anakuja mkaguzi. Sema uligonga muhuri Alhamisi, baada ya kuona kadi yangu. Lawama itakwenda kiwandani, na kiwanda hakina mke wala watoto."

"Alhamisi huo mpira ulikuwa wapi, shemeji?"

Shemeji akafuta mikono kwenye ovaroli.

"Nakuuliza, ulikuwa wapi?"

"Nimeshasaini. Ukisema kweli unanifunga mimi, humfungi bosi. Mimi, baba wa watoto wanaokuita mama mkubwa!"

"Basi kaichukue uichane. Tutakwenda kwa mkaguzi wote wawili, useme ulilazimishwa."

"Ameifungia. Na mimi naogopa."

"Hata mimi naogopa," Bi Subiri akasema. Shemeji mtu akanyanyuka akaondoka.

Mkaguzi wa usalama wa magari alikuwa mwanamke mpole, sauti ya chini, kila jibu analiandika polepole. Mimi nilikuwemo, kwa vile nilishuhudia gari likikabidhiwa.

"Muhuri huu ni wako?"

"Ni wangu. Sikuugonga mimi. Hiyo kadi ni ya uongo, mpira ulifika jana. Na Jumatatu nilijua gari limetoka, nikakaa kimya. Andika na hilo."

"Hilo sijakuuliza, mama."

"Ndiyo maana nakwambia."

Ilipofika zamu yangu nikaeleza habari ya ile karatasi nyekundu na maji ya moto.

Bosi alikuwa na mawakili. Walisema alimwamini fundi wake aliyesaini kadi, na kwamba droo ilikuwa wazi, yeyote angeweza kuuchukua muhuri. Aliachishwa kazi, basi. Mwaka haukuisha akapata nyingine kwenye kampuni ya malori. Shemeji alifungwa miaka miwili kwa kughushi. Uwakala ulifutwa, na watu sabini tukamwaga unga kwa siku moja. Bi Subiri alipigwa marufuku kushika kazi ile tena, kwa kutomwarifu mteja. Hakukata rufaa.

Alipokwenda kwa mdogo wake alikuta mlango umerudishwa nusu. "Mama mkubwa wenu amekufa," mdogo wake aliwaambia watoto, kwa sauti ya kutosha kumfikia aliyesimama nje.

Kwa mshonaji alikwenda pia, wodini, akamweleza bila kujitetea. Yule bwana alimsikiliza, kisha akauliza jambo moja.

"Jumatatu ulikuwa na namba yangu?"

"Nilikuwa nayo."

"Jumatatu tulikuwa nyumbani. Gari tuliliegesha tu, mke wangu akawa analifuta vumbi." Akageuzia uso ukutani, na Bi Subiri akajua ndiyo ruhusa ya kuondoka.

Siku hizi anaishi kwenye chumba cha kupanga, anawaandikia watu barua na kuwajazia fomu. Kampuni ilipofungwa, wenye magari ya toleo lile waliokuwa hawajaitwa hawakuwa tena na wa kuwaita. Wakala mpya aliyepewa nafasi yetu alisema atalishughulikia, miezi ikapita. Bi Subiri akaanza kuwatafuta mwenyewe, nyumba kwa nyumba, akiwaelekeza waende wakabadilishiwe. Walikuwa thelathini na wanne. Amewapata ishirini na tisa.

Kwa huyo wa ishirini na tisa nilimsindikiza. Mwenye gari alifungua geti kidogo, akamsikiliza Bi Subiri huku anatazama saa.

"Mama, gari langu nalijua. Breki zinashika vizuri kabisa."

"Zitashika mpaka siku zitakapokataa, baba. Nakuomba."

Alimwangalia viatu vyake vilivyojaa vumbi, akaniangalia mimi, akatikisa kichwa kama mtu anayemhurumia mgonjwa wa akili. Akarudi ndani. Tukasikia injini ikiwaka, geti likafunguka lote, gari likatupita likishuka barabarani, watoto wawili wamekaa kiti cha nyuma.

Bi Subiri alilitazama mpaka likakata kona. "Kesho nitarudi," akasema.