Kumkalia Fundi

Huku kwetu Ujiji, fundi usipomkalia humpati. Iwe cherehani, baiskeli au mlango, unapeleka kazi yako, kisha unakaa hapo hapo ukimtazama mikono mpaka aone haya amalize. Mimi ni fundi wa video za harusi, na sijaona fundi aliyekaliwa kama mimi.

Sababu ni mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa za wavuvi, mitumbwi inapumzika, wanaume wako nyumbani, basi harusi nyingi zinaangukia siku hizo. Bwana harusi anataka aione video yake kabla giza halijarudi naye akarudi ziwani. Na kompyuta yangu, ile ya kukaa chini ya meza, niliinunua ikiwa imeshachoka. Video moja iliweza kuisumbua mchana kutwa. Ndugu wa maharusi wakatandika mkeka chumbani kwangu, wakamimina kahawa, wakasengenya nani alivaa nini, huku wakinitupia jicho.

Mke wangu alipofariki, watu walikaa matanga, kisha kila mtu akarudi kwake. Waliobaki kuja nyumbani kwangu walikuwa hawa wa video. Wakati ule sikuliona hilo. Nilichoona mimi ni aibu.

"Fundi, hiyo mashine inafanya kazi au inacheua?" aliniuliza siku moja mama mmoja muuza dagaa wa Kibirizi, mwenye wapwa wengi na harusi zisizokwisha. "Kuna kijana kule Mwandiga, anamaliza kabla wali haujaiva."

Mkeka mzima ukacheka. Mimi hasira zangu ziko karibu, na maneno yale yalinikaa kooni.

Wageni walipopungua nikaifungua kompyuta. Nikaondoa vumbi lililoganda kwenye feni. Nikaiongezea RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, nikang'oa ile diski ya zamani inayozunguka na kukwaruza, nikaweka ya kisasa, ndogo, isiyo na sauti. Nikafuta pesti ya kupoza joto iliyokauka juu ya prosesa, ule ubongo wa mashine, nikapaka mpya. Kisha nikaingia kwenye kazi yenyewe, ya kuipandisha prosesa mwendo kupita ule iliotoka nao kiwandani. Kazi hii haitaki papara. Unapandisha kidogo, unaiwasha, unaipa mzigo mzito, unakaa kuitazama. Ikizima ghafla, ujue umezidisha, urudi nyuma. Ilinizimia mara nyingi hata nikaitukana, ingawa kosa halikuwa lake. Joto ndilo lililokuwa likiishinda. Nikaifungia feni kubwa zaidi, nikaacha ubavu wake wazi, nikaanza upya.

Siku mashine ilipotulia, ikachukua harusi nzima bila kuyumba, nilipiga meza kwa furaha nikageuka nimwambie mtu. Chumba kilikuwa kitupu. Niliumia, lakini nilijiambia ni uchovu.

Mbalamwezi iliyofuata yule mama wa Kibirizi alileta kazi ya mpwa wake. Kesho yake akaja kunikalia, na mkeka kwapani, chupa ya kahawa mkononi, na nduguze wawili nyuma yake. Nikampa flashi yenye video pale pale mlangoni.

"Ushamaliza?"

"Zamani."

Alinitazama, akaitazama chupa. "Sasa hii kahawa nirudi nayo?"

"Rudi nayo, mama," nikasema, kifua mbele. "Siku hizi hapa hakuna kusubiri."

Nilisema kwa mdomo wangu mwenyewe. Wakacheka, wakanisifu, wakaondoka. Habari zikaenea mji mzima kwamba fundi amekuwa mwepesi, na kazi zikaongezeka. Watu wakawa wanaishia mlangoni. Shikamoo, marahaba, flashi, kwaheri. Wengine hawakuvua hata viatu. Jioni nilikuwa nazima kompyuta mapema, nakaa nikisikiliza adhana kutoka msikiti huu na ule, nikila peke yangu chakula nilichokipika kwa mazoea ya watu wawili. Upweke nilikuwa nausikia kwa wengine. Sasa nikaujua, na ni mimi niliyeufungulia mlango.

Nikaishusha prosesa mwendo. Niliurudisha ulivyotoka kiwandani, lakini kwa ile diski mpya na RAM, bado ilimaliza mapema mno. Basi yule mama alipoleta harusi nyingine, nikaamua kusema uongo. Video ilikuwa tayari tangu asubuhi. Nikaificha flashi mfukoni, nikafagia chumba, nikachemsha kahawa mwenyewe, nikatandika mkeka wangu.

Alipofika nikamwambia, "Bado kidogo, mama. Mashine imerudia uvivu wake. Karibu ukae."

"Aa, usijisumbue, fundi," akajibu akiwa bado kizingitini, simu mkononi. "Ukimaliza nirushie humu, hata vipande vipande. Sisi tushazoea, hatukukalii tena."

Nilitaka kumwambia kaa tu, kahawa iko tayari. Nikasema, "Haya, mama, nitakutumia."

Akaenda zake. Nisingeweza kuituma papo hapo, angejua nilimdanganya. Ikabidi nikae kwenye ule mkeka mpaka alasiri ipite, nikisubiri peke yangu kazi iliyokwisha.