Bihogo, Ndege Niliyoipakia

Siku ya kwanza kazini nilivaa suti. Kwetu milimani mtu haendi uwanja wa ndege kama anayekwenda shambani, basi nikafunga na tai. Msimamizi wetu wa zamu pale Louisville, mtu wa Bukavu aliyetutangulia Amerika, alinitazama kuanzia viatu mpaka shingo.

"Papa, donc, unakuya kuoa ama unakuya kupakia?"

Nilipakia. Niwaeleze ninyi vijana mnaobonyeza vitufe tu: kontena la ndege ni sanduku la bati jepesi, pembe moja imekatwa ili lifuate mviringo wa ubavu. Unalisukuma juu ya magurudumu madogo yaliyopangwa sakafuni, unalifunga kwa komeo, unafuata lingine. Kazi yenyewe ni uzito. Ukijaza nyuma kabla ya mbele, ndege inakalia mkia kama mbwa. Ndiyo maana tuliweka nguzo chini ya mkia, na ole wako uisahau. Mimi niliisahau mara moja, pua ikanyanyuka mbele ya wakubwa wote. Msimamizi hakufoka. "Bon, Papa, leo utailinda ile nguzo weye mwenyewe," alisema, nikasimama nayo mpaka zamu ikaisha.

Baadaye walinipeleka Columbus, kwenye ghala la vifurushi, kisha Buffalo, msimu mmoja tu wa baridi, ukanitosha. Nikaomba kurudi Louisville. Wenzangu walidhani nakimbia theluji. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimemkumbuka Bihogo.

Bihogo alikuwa ndege ya mkia mwekundu uliokoza. Mimi ni mtoto wa wafugaji wa milima ya Kivu ya Kusini, na kwetu ng'ombe wa rangi hiyo huitwa hivyo. Mama yangu, aliyebaki Uvira, kila tulipoongea kwenye simu aliulizia ng'ombe kwanza, ndipo watoto, kama adabu inavyotaka. Alijua sina ng'ombe Amerika. Basi nikampa ndege.

"Bihogo iko muzima?" aliuliza kila Jumapili baada ya ibada.

"Muzima, Mama. Leo imebeba dawa na viatu."

Naye alikuwa akiibariki mpaka chaji iishe.

Mama alifariki mwaka uleule Bihogo alipostaafishwa. Sikuweza kwenda kumzika. Muda si mrefu nikastaafu na mimi, mgongo umekwisha. Nilitaka kitu kimoja tu: kumuaga Bihogo kabla hajakatwakatwa, angalau mmoja wao nimuage kwa macho yangu.

Binti yangu Neema, anayeishi North Buffalo, alinipeleka Arizona, jangwani, ambako ndege zilizostaafu hulazwa. Zilikuwa nyingi, safu kwa safu, madirisha yamebandikwa karatasi nyeupe. Bihogo hakuwa na injini. Mahali pake walikuwa wamening'iniza matofali makubwa ya saruji ili uzito usipotee akaanguka nyuma. Nilielewa mara moja bila kuambiwa, na kuelewa huko kuliniuma.

Nikaweka kiganja tumboni mwake. Bati lilikuwa la moto. Nikamwambia kwa lugha ya nyumbani kwamba alifanya kazi vizuri, alinisomeshea watoto, aende kwa amani. Neema alilia. Mimi nilijikaza.

Mlinzi wa uwanja, mzungu mzee wa makamo yangu, alitusogelea na kipande cha bati jekundu kilichobanduka mkiani mwa Bihogo, ukubwa wa sahani. Neema akanitafsiria: "Anasema wiki ijayo wanamukata. Chukua hiki, Papa, ukumbuke."

Nikakataa. Nyumbani kwetu baba hakuonja nyama ya ng'ombe tuliyemkamua wenyewe. Nikamrudishia mlinzi kipande chake kwa mikono miwili, kwa shukrani.

"Papa, ile haiko nyama," Neema alisema. "Ni bati tu."

"Bihogo ni Bihogo," nikajibu, na kiburi juu.

Sasa nakaa hapa Highview, mtaa wa Louisville, miguu juu ya kiti, na ndege zikipita nazitambua kwa sauti. Watu huniuliza kama nina hamu na kazi. Kazi sina hamu nayo. Ninayemkumbuka ni Mama. Amelala Uvira na sina hata kitambaa chake cha kichwa. Miaka yote ile, baraka zake ziliangukia bati lile. Niliambiwa chukua, nami nikalirudisha kwa mikono miwili.