Kitabu Chenye Kidole Gumba

Afande alinipa klarineti bila kunitazama. Yeye ndiye mkuu wa bendi yetu hapa Mbale. Zamani alipuliza tarumbeta jeshini, na mpaka leo anatuamrisha kwa Kiswahili cha kambini. Mwenye klarineti alikuwa ameondoka kwenda Arabuni kutafuta kazi.

"Shika hii," akasema. "Pasaka ikipita, utanipigia wimbo mmoja wa mazishi, mwanzo mpaka mwisho. Ukishindwa, nampa mtu wa sekondari."

Mimi hubeba magunia ya mahindi mtaa wa Namatala. Niliishia darasa la saba, nasoma polepole, na watu wakinitazama maneno hunikauka mdomoni. Lakini klarineti ile niliitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kushika.

Katika bendi yetu, anayeanza husimama nyuma ya ngoma kubwa ili mlio wa ngoma ufunike makosa yake. Tena hakuna anayenunua kitabu. Tunatumia kopi iliyotolewa kwenye kopi nyingine, mpaka kingo za ukurasa zimeliwa. Yangu ilitoka kwenye kitabu cha watoto, kila ukurasa una sungura. Wenzangu wakanipa jina.

"Bwana Sungura, leo umekula karoti?"

Nilipuliza kila jioni nyuma ya stoo ya mahindi. Vidole vyangu viliziba matundu kama mchoro ulivyotaka, lakini sauti za chini zilitoka kama kuku anayekimbizwa. Mpiga tromboni, ambaye amemaliza sekondari, akanihurumia mbele ya watu wote.

"Ndugu yangu, hili si gunia. Hii kitu inataka shule."

Siku hiyo hasira ilizidi haya. Nikafunga klarineti kwa kitenge, nikabanana na abiria wengine katika taksi ya kwenda Jinja. Nilikuwa nimesikia kwamba katika barabara kuu kuna duka la familia ya Wahindi linalouzia shule sare, vitabu na vyombo vya muziki. Njia nzima nilirudia moyoni: nataka kitabu cha klarineti, nataka kitabu cha klarineti.

Mama mwenye duka aliweka vitabu vitatu juu ya kaunta.

"Mtoto yuko darasa la ngapi?"

"Kitabu ni changu mwenyewe, mama."

"Wewe umesoma mpaka wapi?"

Nikamwambia. Akakisukuma mbele kile cha kwanza. Sungura walewale, ila hawa walikuwa na rangi.

"Hiki maneno kidogo. Kitakufaa."

"Hapana."

"Bei yake nzuri, kijana."

"Mama, sungura nimewachoka."

Mwanamke aliyekuwa akichagua sare za wanawe akaangua kicheko. Masikio yakaniwaka moto, lakini sikutoka.

Cha pili kilikuwa kinene, kurasa na kurasa za maneno kabla ya nota ya kwanza. Kile ni cha mtu mwenye mwalimu pembeni. Cha tatu kilikuwa chembamba, kimeandikwa kwa ajili ya watu wazima wanaoanza. Badala ya michoro kilikuwa na picha, na mkono katika picha ulikuwa wa mtu mzima, wenye mishipa kama wangu. Ukurasa wa kwanza ulifundisha sauti moja tu. Picha moja ilipigwa kutoka ubavuni, na hapo nikakiona kidole gumba cha kushoto kimeziba tundu la nyuma.

Tundu lile nililijua. Tarumbeta ina mahali pa kutolea mate, na wapiga tarumbeta wetu waliniambia hilo ndilo la mate, nisilizibe. Nikafungua tena kitabu cha sungura. Hata humo gumba lilikuwemo, duara dogo ukingoni kabisa, upande wa kushoto wa mchoro. Kwenye kopi yangu, mashine ilikuwa imelikata. Na yule aliyepiga kabla yangu nilikuwa nikimtazama kutoka mbele tu, kama watu wote wanavyoitazama bendi. Kutoka mbele gumba halionekani.

"Naomba nijaribu, mama."

"Humu dukani?"

"Humu humu."

Nikaifungua klarineti, nikaziba tundu la nyuma, nikapuliza. Sauti ikatoka chini, nene, ikatulia. Yule mwanamke wa sare akaacha kucheka.

"Rudia," mama akasema.

Nikarudia, safari hii nimemkazia macho.

"Basi chukua cha sungura. Gumba limo, na ni rahisi."

"Nimeliona. Lakini mimi si mtoto. Nipe hiki."

Pasaka ikapita. Bendi ikakusanyika kwa mazoezi, na Afande akaniita: "Haya, Bwana Sungura."

Nikaipita ngoma kubwa, nikaenda kusimama mstari wa mbele.

"Nani amekutuma huko?"

"Hakuna, Afande."

Nikapiga. Nilikosea mahali pamoja, mtu akaguna, nikaendelea mpaka mwisho.

"Umekosea katikati," Afande akasema.

"Nimesikia, Afande. Nimemaliza."

Akakuna kidevu. Mpiga tromboni alikuwa akiangalia viatu vyake.

"Jumamosi tuna mazishi," Afande akasema. "Usihame hapo."

Sijahama. Kitabu ninacho bado. Wenzangu wamekiomba wakitoe kopi, nikakataa. Anayetaka kusoma aje kwangu Namatala tusome pamoja, na akifika mlangoni aniite kwa jina langu.