Nilivyojifunza Kuchuchumaa Ubavuni mwa Ng'ombe

Juzi mtaalamu wa viungo pale hospitali alinisimamisha mbele ya kioo, akagusa mabega yangu kwa vidole viwili, akaniambia niyashushe. Nikamwambia mbona yako chini. Akacheka. Miaka ya kuinamia maandishi imenikunja, rafiki yangu, na siku hizi naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nikiwa pale nilimkumbuka bibi, mama yake baba, na zizi lake kule kijijini Mutuka. Yeye ndiye wa kwanza kunionyesha kwamba mwili unaweza kujikaza bila mwenyewe kujua.

Nilikuwa darasa la nne. Bibi aliteleza kisimani akavunjika mkono wa kulia, na pale nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Baba mkubwa akaja kutoka Bonga, akamtazama ng'ombe, akautazama mkono uliofungwa hogo la plasta.

"Mama, huyu asipokamuliwa ataugua kiwele. Nakuachia hadi Jumamosi. Ikishindikana, nampeleka mnadani."

Ng'ombe yule alikuwa chai yetu ya asubuhi na mgando wetu wa jioni. Tena tangu babu afariki, ndiye pekee ambaye bibi aliongea naye kwa lugha yake ya nyumbani, taratibu, kila alfajiri.

Kesho yake akaniamsha. Ukungu ulikuwa umeufunika mlima Kwaraa, na mavi mabichi yalifuka mvuke kwenye baridi. Ndama alinyonya kidogo, akafungwa karibu na kichwa cha mama yake. Nikachuchumaa, ndoo ndogo katikati ya magoti, nikavuta chuchu. Hakikutoka kitu. Siku ya pili, matone. Siku ya tatu nilipigwa teke, ndoo ikabingirika hadi mlangoni. Jirani, ambaye hakukosa kuchungulia juu ya ua, akauliza, "Mama Daudi, huyo mjukuu anakamua au anasali?"

"Mwache asali," bibi akamjibu. "Wewe unasali kila siku na ng'ombe huna."

Ijumaa hakunielekeza mikono kabisa. Alisimama nyuma yangu, akaweka kiganja cha kushoto kwenye kisogo changu.

"Umekaa kama mtu anayetaka kukimbia. Rudi kwenye visigino. Hicho kichwa mpe yeye akubebee."

Nikalaza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe. Alikuwa na joto, ananuka moshi na majani, na tumbo lake lilinguruma ndani kwa ndani.

"Usimvute. Pumua naye kwanza."

Sijui tulikaa muda gani. Mabega yalishuka yenyewe, kitu fulani shingoni kikaachia, na kwenye ndoo ukasikika mlio mwembamba, halafu mwingine, halafu povu. Bibi aliondoa mkono wake polepole, kama anayetoka chumbani alimolala mtoto mchanga.

Jumamosi baba mkubwa alikuja na kamba. Akapewa chai ya maziwa, akanywa, akaomba kikombe kingine, akarudi Bonga na kamba yake.

Mkono wa bibi ulipona umepinda, hakukamua tena. Nilikamua mimi, kila alfajiri, hadi nilipomaliza la saba na kuchaguliwa shule ya bweni. Watu wote walifurahi, hata mimi. Asubuhi ya safari, nikiwa naosha ndoo, bibi akasema, "Baba yako mkubwa anakuja mchana na kamba yake." Ndipo nilipoelewa. Nikalia, nikasema siendi shule.

"Acha ujinga wewe. Nilikuomba siku chache, ukanipa miaka mitatu."

Sasa pale zizini pamejengwa vyumba vya kupangisha. Hakuna anayefuga, na maziwa wananunua ya pakiti. Bibi mwenyewe hayupo. Lakini asubuhi ile nilipogeuka langoni, sanduku kichwani, nilimwona ameingia zizini bila ndoo. Alichuchumaa kwa shida, mkono wake mbovu mapajani, akalaza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe. Basi lilikuwa linapiga honi. Nikaondoka kabla hajainuka.