Pampu Yenye Namba ya Simu

Mandakini Ghorpade ndiye aliyetuletea intaneti hapa mjini Kolhapur, India, na wala hakuna aliyemwomba. Kompyuta tatu, feni moja, na wazazi kibao waliokuja kuwatafutia mabinti zao wachumba. Wengine walipomwiga kila kona, akachoka nayo, akaanza kuunda kisanduku cha kuwasha pampu ya shambani kwa simu. Unakibipu, pampu inawaka. Ukibipu tena, inazimika. Bure kabisa, maana simu haipokelewi! Mimi nilikuwa fundi wake wa nyaya. Nilimwona kichaa, na nilimpenda kwa kichaa hicho.

Baba mkwe wake, mzee Dattaji, hakuona la kuchekesha. "Kiwashe mbele ya wakulima. Kikigoma, funga karakana, uje dukani kwangu kuuza sari."

"Sawa, Baba," akajibu Mandakini. Sari zenyewe hata kuzivaa hapendi.

Siku ikafika. Wakulima wa miwa wakajaa. Mama mkwe akaipaka pampu unga mwekundu wa baraka, akapasua nazi. Mandakini akabipu. Maji hayo! Tukashangilia. Yakakatika. Yakaja. Yakakatika tena.

"Ina kwikwi hiyo," akasema mkulima mmoja mwenye kilemba. "Ipeni maji inywe!"

Umati ukaangua kicheko. 

"Kesho asubuhi, dukani," akasema Dattaji.

Hapo mama mkwe akaanza kuvuta upindo wa sari yake. "Jamani, kwani nimekosea? Namba niliwapa mashangazi. Chombo kipya hakianzi kazi bila baraka, na wao wako mbali, basi wanabipu."

"Mashangazi wangapi, Mama?" akauliza Mandakini.

"Wote."

"Hata wa Pune?"

"Huyo ndiye wa kwanza! Si unamjua alivyo na kiherehere?"

Mwenye kilemba akaacha kucheka. "Ngoja kwanza. Shangazi amekaa jikoni kwake Pune, anazima maji ya hapa?"

Sijawahi kuona watu wazima wakisukumana vile. Nipe namba! Na mimi nibipu! Maji yakaja, yakakatika, tukalowa chepechepe, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Kila mtu akataka kisanduku chake. Mandakini analia, anacheka, anaandika majina mkononi kwa kalamu. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Ghafla maji yakakatika, na safari hii hakuna aliyekuwa ameshika simu. Tukageuka. Dattaji alikuwa amejibanza nyuma ya mkokoteni, simu mkononi.

"Baba, ni wewe?"

"Ni mimi," akasema, meno yote nje. "Nenda, mwanangu. Wateja wako wanakusubiri."