Darcy Hruska na Mdomo wa Baba Yake

Nilikuwa na siku tatu barabarani kutoka milima ya magharibi nilipoingia Plum Fork, Nebraska, nikitafuta chakula. Mkahawa ulikuwa umefungwa, kituo cha mafuta kimefungwa, hata kanisa lilitiwa kufuli. Nikafuata kelele hadi uwanja wa shule ya sekondari, na hapo nikaukuta mji mzima umekalia viti vya mbao ukitazama softboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia kuzunguka vituo. Mahindi makavu yalianzia pale uwanja ulipoishia.

Viti vilikuwa vimejaa, nikazunguka hadi uzio wa nyuma kabisa. Alikuwapo mtu mmoja tu, mkulima mnene aliyejaza mbegu za alizeti mdomoni mpaka mashavu yakamvimba. Nilimsalimu. Akapunga mkono.

"Usimsemeshe," akasema mwanamke aliyetokea nyuma yangu na sahani ya soseji. Alinipa moja bila kuuliza mimi ni nani. "Lon, umetema?"

Lon akakataa kwa kichwa.

"Ole wako uteme. Utahamia kwa mama yangu mpaka Krismasi."

Huyo alikuwa Renae Hruska, na mkulima ni mumewe. Binti yao Darcy, miaka kumi na saba, alikuwa mdakaji wa timu ya shule, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa amevaa barakoa ya chuma. Tangu akiwa na miaka sita, kila jioni baba yake hukalia ndoo iliyopinduliwa nyuma ya ghala na kumrushia mipira pamoja na maneno. Darcy alitaka kucheza chuoni, hakutaka kingine, na alikuwa ametuma video zake kwa makocha thelathini na mmoja. Wawili walijibu. Wa kwanza alikuja mwaka jana, akamsikia Lon akimwambia mwamuzi kwamba hata fuko angeona vizuri zaidi, akafunga daftari akaenda zake. Kocha anayemchukua mchezaji mwenye mzazi wa namna hiyo anajua atakaa na mdomo huo miaka minne.

Wa pili, Kocha Pilcher, alikuwa anakuja leo. Alibakiwa na nafasi moja ya mdakaji.

"Ndiyo maana nimemweka huku na kumjaza mbegu mdomoni," Renae alinieleza. "Huku hata akikohoa hasikiki." Akarudi kwenye viti.

Alichosahau ni kwamba makocha wa vyuo huwakimbia wazazi. Mchezo haujakolea, mwanamke mwenye kofia ya chuo akavipita viti vyote, akaambaa na uzio, akaja kusimama kati yangu na Lon.

"Afadhali huku," akasema. "Kule mbele kila mtu ni mama wa mtu. Wewe bwana, una mtoto humu?"

Lon, jasho likimtoka, akaonyesha shavu lake.

"Meno?" Pilcher aliuliza kwa huruma.

Lon akaitikia kwa kichwa.

Muda si muda mkimbiaji wa wageni akaja mbio kumaliza mzunguko. Darcy alimgusa begani kwa mpira hatua nzima kabla hajafika, kwa hiyo alipaswa kutolewa. Mwamuzi akanyoosha mikono: amefika salama. Hapo uwanja mzima ukageuka kututazama sisi. Mwamuzi mwenyewe alivua barakoa, akasimama kungoja fungu lake la maneno ya Lon. Halikuja. Akajifuta uso kama mtu aliyepatwa na homa.

"Mbona wote wanakutazama?" Pilcher akauliza.

Lon akaonyesha shavu.

Lakini kimya kile kilimvuruga Darcy kuliko uamuzi. Alikuwa hajawahi kucheza bila sauti ile. Mkimbiaji mmoja akaiba kituo cha pili, yaani akakikimbilia kabla mpira haujapigwa. Darcy akarusha, mpira ukaishia mahindini. Wa pili akaiba. Mpira ukaenda palepale. Pilcher aliandika kitu kifupi mno, akafunika kalamu.

Lon aliitazama ile kalamu. Akatema mbegu zote, nyingine juu ya viatu vyangu.

"KIWIKO, DARCY! Inua kiwiko, mwanangu! Unarusha kama unafukuza kuku!"

"Lon!" Renae alipiga yowe kutoka kwenye viti. Watu wakapiga makofi. Mkimbiaji wa tatu akatoka mbio. Darcy alirusha akiwa bado amepiga magoti, na mpira ukafika kwenye glovu ya mwenzake kituoni, mkimbiaji akiwa bado katikati ya njia.

Pilcher akafunua kalamu. "Meno yamepona."

"Mimi ni baba yake, mama."

"Nimeshajua. Kila mchezo huwa hivi?"

"Leo nimejizuia."

Pilcher alicheka mpaka akashika uzio. "Ule mkono nautaka. Wewe sikutaki. Jumamosi aje chuoni afanye mazoezi nasi. Akirusha vile bila wewe, nafasi ni yake."

Mikate ya jamu ya Renae ilinichelewesha, hivyo Jumamosi asubuhi nilikuwa bado nyumbani kwao. Darcy alipakia mkoba wake, mama yake akawasha gari.

"Kumbuka kiwi..."

"Baba!"

"Sijasema kitu."

Gari langu lilikuwa limeziba geti. Darcy akatoa kichwa dirishani.

"WEWE HAPO! Hilo gari umeliegesha au limeota? Sogeza, watu tuna safari!"

Ndege wakaruka kutoka mahindini. Lon akaweka mkono kifuani.

"Umesikia?" aliniambia kwa sauti ya chini. "Sauti anayo mwenyewe."

Nikasogeza gari, wakapita. Mpaka wanaingia barabara kuu tulikuwa bado tunamsikia, akimwelekeza mama yake namna ya kukata kona.